Naombeni ushauri: kamera ndogo ya mtumba kwa elfu tisini, ninunue au niiache?

Mama Shani (Muheza)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza. Jambo hili nimelala nalo wiki nzima, kwa hiyo mnivumilie kama maelezo yatakuwa marefu.

Jumamosi nilishuka Tanga mjini kutafuta vitambaa vya harusi ya mdogo wangu, inshallah itakuwa Mfungo Mosi. Pale Ngamiani, kwenye kiduka cha redio na pasi za mtumba, nikakuta kabati la kioo lina kamera za mfukoni kama sita, zile tulizokuwa tunaziona maharusini miaka ya 2008 na 2009. Mwenye duka akanitolea tatu, akazipanga juu ya kaunta.

Ya kwanza ni Canon PowerShot A590 IS, megapikseli 8 (yaani picha yake ina nukta milioni 8), inakula betri mbili za AA, anataka 90,000. Ya pili ni Sony Cyber-shot W120, nyembamba na inang'aa kuliko zote, betri yake ipo lakini chaja haipo, 60,000. Ya tatu ni mpya kwenye boksi, jina lake sijawahi kulisikia, boksi limeandikwa 48MP na 4K kwa herufi kubwa, 130,000. Hakuna niliyoiona ikiwaka. Alisema betri hana, nije na zangu.

Sasa kwa nini mtu mwenye simu atake kamera. Mwaka juzi nilichomolewa simu kwenye mkoba nikigombania Hiace stendi. Simu niliisamehe siku ile ile. Kilichoniuma ni picha za baba za miezi yake ya mwisho, amekaa barazani anamenya machungwa kwa kile kisu chake kilicholika mpaka kikabaki nusu. Sikuwa nimezihamishia popote. Leo picha ya baba niliyo nayo ni paspoti saizi kwenye kitambulisho chake cha kazi, na muhuri wa ofisi umempita kidevuni.

Bibi, mama yake baba, bado tunaye. Simu niliyonunua baada ya ile ni ya bei ya chini, na kila nikimpiga picha inamlainisha uso na kumng'arisha, mikunjo yote inafutika. Nimezima kila nilichokiona kwenye mipangilio, bado. Nilimwonyesha akauliza, "Huyu nani?" Nataka picha ya bibi alivyo, nataka isafishwe kwenye karatasi, na nataka iwe kwenye kitu ambacho sikibebi stendi kila siku.

Kwangu mimi 90,000 si pesa ndogo. Ninunue? Na nikirudi dukani niangalie nini? Nawasilisha.

Mzawa_Tegeta

Pole sana mwalimu kwa kufiwa na baba, na pole kwa zile picha. Nitasema ukweli hata kama hautakufurahisha: usinunue. Kamera hiyo ni ya 2008. Ukiingia ukumbini usiku bila flashi utapata chengachenga tupu, video yake ni 640 kwa 480, na kila picha ukitaka kuituma kwa ndugu lazima utafute waya au rida ya kadi. Hiyo 90,000 iongezee kidogo kidogo. Ukifika laki mbili na nusu unapata simu ya mtumba iliyokuwa ya bei kubwa miaka mitano iliyopita, na hiyo itaipita kamera hiyo mchana na usiku.

Halafu kuna hili la kupotea. Google wanatoa nafasi ya GB 15 bure ya kuhifadhi mtandaoni. Kama ungekuwa umewasha, picha za mzee zingekuwepo mpaka leo. Tatizo lako ni kuhifadhi, na kamera haihifadhi chochote zaidi ya kile kilicho kwenye kadi iliyomo ndani yake.

Mama Shani (Muheza)

Asante mkuu. La kuhifadhi umenigusa penyewe na nitalifanyia kazi, kamera ninunue nisinunue. Ila laki mbili na nusu sina, na hata nikiipata mwezi huu itaenda kwenye pilau.

Fundi_Gerezani

Mwalimu, nafungua na kufunga kamera Kariakoo tangu enzi za filamu. Mzawa amesema kweli kuhusu usiku na video. Ungekuwa unataka video ningekuambia urudi nyumbani na hela yako. Lakini umesema unataka uso wa bibi kwenye karatasi, na kwa kazi hiyo A590 nzima inatosha na kubaki. Sasa tuongelee uzima wake.

Nenda na betri zako. Usibebe zile za bei rahisi tunazoweka kwenye saa za ukutani, za zinki na kaboni. Kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo pale lenzi inapotoka na flashi inapojaza, na zile haziwezi. Utapiga picha chache, itaandika betri imekwisha. Nimeletewa kamera nyingi sana zikiitwa mbovu, kumbe ugonjwa ni betri. Chukua alkalini mpya za kujaribia. Ukishanunua, tafuta nne za kuchaji, NiMH, pamoja na chaja yake. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5. Usiogope, kamera hizi zinazikubali vizuri.

Kabla hujaziweka, fungua mlango wa betri utazame springi. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri ilivujia humo. Ukiwa kidogo unatoka kwa pamba ya masikio yenye siki au ndimu, kisha unakausha. Springi ikiwa imeliwa, iache kamera. Tazama na kijino cha plastiki kinachoshika mlango. Kwenye kamera za AA mara nyingi ndicho kinachotangulia kuvunjika, maana springi zinakisukuma usiku na mchana.

Ukishaiwasha, nyamaza usikilize. Lenzi nzima ina mlio mmoja laini usiokatika. Ikisaga kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, basi mchanga umo kweli, na siku yoyote itagoma katikati, itaandika kosa la lenzi na haitarudi ndani. Kubadilisha lenzi kunazidi bei ya kamera yenyewe. Ivute mpaka mwisho uirudishe, mara tano, sita. Izime na kuiwasha mara kumi. Mwenye duka akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Lenzi ikiwa nje, imulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona kama utando wa buibui, au vinyuzi vinavyotambaa kutoka pembeni, hiyo ni kuvu, na kwa joto na unyevu wa Tanga itaendelea kukua. Kisha vuta zumu mpaka mwisho upige ukuta mweupe. Doa la kijivu linalokaa pale pale kwenye kila picha ni uchafu uliotua juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha.

Moja kuhusu sensa zenyewe. Mwaka 2005 Sony ilitangaza kwamba baadhi ya sensa za CCD, aina iliyokuwa kwenye kamera nyingi za wakati ule, ilizotengeneza zilikuwa na kasoro: nyaya za ndani zilikuwa zinaachia, na joto pamoja na unyevunyevu vinaharakisha. Sensa hizo zilikuwa zimeuzwa kwa kampuni nyingi, zikiwemo Canon, Nikon, Fujifilm na Olympus, nazo zikatoa orodha za kamera zitakazorekebishwa bure. Bure hiyo ilishakwisha, lakini kamera za miaka ile bado zinazunguka kwenye mitumba. Kwa hiyo kioo kikionyesha zambarau na mistari, au giza tupu wakati menyu inaonekana vizuri, usikubali kuambiwa inahitaji kusetiwa tu. A590 ilitoka 2008, baada ya tatizo lile.

Na kwa wote mnaosoma: msifungue kamera yenye flashi kwa bisibisi ya nyumbani. Ndani mna kapasita inayobeba volti kama 300, na inaweza kubaki nazo hata betri zikitolewa. Nimemshuhudia kijana akirushwa kutoka kwenye stuli.

Kijana_Sinza

Shikamoo fundi. Huku kwetu vijana wanazitafuta hizi kamera kwa sababu ya rangi za CCD, wanasema simu haiwezi. Ni kweli?

Fundi_Gerezani

Marahaba. Kuna ukweli kidogo. Ila wengi wanachokipenda ni flashi yenyewe. Simu inawasha taa ya LED. Kamera hizi zina xenoni, mwako mmoja mkali kama wa elfu moja ya sekunde. Uso unatoka mkali, nguo zinang'aa, nyuma kunabaki giza. Pia hazina ile akili ya kulainisha ngozi anayoilalamikia mwalimu, zinachokiona ndicho zinachokitoa. CCD ina ubaya wake: ielekeze kwenye taa kali uone mstari wa zambarau unavyoshuka kutoka juu mpaka chini ya kioo. Huo si ubovu, ndivyo zilivyo.

Msafiri_Leeds

Nipo Uingereza. Miaka saba, minane nyuma kamera hizi zilikuwa zinatupwa kwenye makapu ya maduka ya hisani, paundi tano, paundi kumi. Tangu vijana wa TikTok waanze kuzitaka, kwenye maduka ninayopita mimi zimehamia nyuma ya kioo na bei imepanda. Kwa hiyo mwalimu, hiyo 90,000 ni bei ya kuongeleka, haijakaa vibaya sana.

Zipo nyingi kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Mwaka 2010 peke yake kampuni za Japani zilisafirisha zaidi ya milioni 100 za kamera hizi ndogo zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Maana yake ikiharibika utategemea vipuri vya kamera nyingine iliyokufa.

Mvita001

Dadangu Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mitumba ya aina hii tunaiita ex-UK. Mimi sikuumizwa na kamera, niliumizwa na kadi. Nilinunua kamera nzuri kabisa, safi, kwa bei ya kutupa. Nyumbani nafungua naona inakula kadi ya xD. Kadi hizo ziliacha kutengenezwa kitambo, na kubwa kuliko zote ni GB 2. Nilizunguka Mombasa yote, nikamtuma shemeji Luthuli, Nairobi. Ilipopatikana, kadi ilikaribia bei ya kamera.

Hiyo Sony W120 inatumia Memory Stick Duo. Sony walianza kuweka nafasi ya SD kwenye kamera zao mwaka 2010, kwa hiyo Cyber-shot yoyote ya kabla ya hapo ujue unakwenda kutafuta kadi ya peke yake. A590 inachukua SD ya kawaida na SDHC, mpaka GB 32. Usiipelekee ya GB 64, hiyo ni aina nyingine. Wala huhitaji kubwa. Picha ya megapikseli 8 ni kama MB 3, kadi ya GB 4 inabeba elfu moja na zaidi.

Kitu kingine. Kadi yako iwe tupu, piga picha moja, halafu usome namba ya faili. Canon huendeleza hesabu yake mwenyewe: ukiona IMG_0300 haijatumika sana, ukiona IMG_8000 imezunguka. Baada ya 9999 inarudi 0001, na mtu anaweza kuifuta hesabu, kwa hiyo ichukulie kama dalili tu.

Mama Shani (Muheza)

Nimeandika yote kwenye daftari la maandalio ya somo. Nimebaki na swali la ile mpya ya 48MP. Mume wangu anasema kwa nini ninunue kuukuu ya 8 wakati kuna mpya ya 48?

Nahodha_Darajani

Assalamu alaykum mwalimu. Mimi hupiga picha harusi na watalii hapa Unguja, mkate wangu wa kila siku ndio huu. Shemeji mwambie hivi: sensa ya ile kamera ni ndogo kama ya simu ya bei nafuu, na picha inakuzwa na programu mpaka ifike 48. Ni kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi, sufuria linajaa na nyama ni zile zile. Mwambie muuzaji avute zumu mbele yako. Lenzi isipotoka, na picha ikaja kubwa lakini imevurugika, inakata pembeni tu na kukuza. Kwa 130,000 ni fedha ya kutupa baharini.

Picha ya kawaida ya albamu, inchi 4 kwa 6, ikisafishwa vizuri inataka nukta 1800 kwa 1200. Hiyo ni megapikseli 2 na kidogo. A590 inatoa 3264 kwa 2448. Unaweza kumtundika bibi ukutani kwa upana wa sentimita 27 na akaonekana kila nywele.

Sasa la harusi, maana hapa ndipo watu hutukana kamera bure. Kamera inapima mwanga ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, ni kijivu. Msimamishe mbele yake bwana harusi, mtu mweusi, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, kanzu inatoka kijivu na uso unakuwa kivuli. Tafuta alama ya +/- uongeze mwanga kwa theluthi mbili ya hatua, au hatua moja nzima. Uso utarudi. Kwa bibi harusi aliyevaa nguo nyeusi ya dhahabu fanya kinyume, punguza kidogo.

Flashi ya kamera hizi inafika mita tatu hivi, ukumbi mzima haiwezi. Sogea kwa watu. Ukiwa karibu sana na nyuso zinawaka kwa jasho, bandika tishu moja tu juu ya flashi kwa selotepu.

Kwa bibi usitumie flashi kabisa. Mkalishe mlangoni au barazani, alasiri, jua likiwa ubavuni na uso umeelekea nje. Weka ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, 80 au 100. Ukipita 400 chengachenga zinaanza kula ngozi, na ngozi ndiyo unayoitafuta.

Na ile paspoti ya mzee, nimeifikiria tangu niliposoma bandiko lako. Kamera ina alama ya ua, hiyo ni ya kupiga vitu vya karibu sana. Simamisha kitambulisho kwenye kitabu karibu na dirisha, kamera iweke juu ya vitabu vingine, zima flashi, tumia kile kihesabu sekunde ili mkono wako usiitikise. Ukipata hiyo, unayo picha ya baba isiyochanika tena.

Mama Shani (Muheza)

Wakuu nipo dukani sasa hivi. Fundi upo? A590 imewaka kwa alkalini zangu. Mlio mmoja, haisagi. Zumu nimevuta mara saba. Springi moja ina ukijani kidogo, nimeufuta kwa ndimu umetoka. Lakini kijino cha mlango kimevunjika, jamaa ameufunga kwa mpira wa noti. Na kuna doa moja hafifu pembeni juu kulia, ila nalipata nikivuta zumu mpaka mwisho tu.

Fundi_Gerezani

Nipo. Doa la namna hiyo uso wa bibi hautaligusa. Kijino si kifo, ila ni pesa, kwa hiyo mwonyeshe umekiona. Mpira utalegea na kamera itakuwa inazima katikati ya harusi. Chini ya kamera kuna tundu la skrubu la kufungia miguu mitatu. Fundi yeyote wa bati akukatie kipande chembamba chenye tundu, kifungwe hapo kwa skrubu ya robo inchi, kiulalie mlango. Nimefanya hivyo kwa kamera nyingi. Flashi umejaribu?

Mama Shani (Muheza)

Inapiga, inachukua sekunde kadhaa kujaza tena. Namba ya faili IMG_2206. Kila nikitoa betri inauliza tarehe upya.

Fundi_Gerezani

Hicho ni kibetri kidogo cha duara cha saa, kimekufa, kinauzwa kwa mafundi saa. Usipande zaidi ya 70,000.

Mama Shani (Muheza)

Wakuu, habari za Jumapili. Niliichukua kwa 65,000. Nilianzia kwenye kijino kwa upole, akashuka mpaka 80. Nikamwonyesha doa kwenye kioo, akasema hilo hata yeye alikuwa halijui, akatoka nje na kamera kuuangalia ukuta wa msikiti mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri. Sony alinipa kwa 45,000 na nakiri niliitamani, lakini bila chaja haikuwaka, na sikutaka kununua kitu nisichokiona kikipumua. Ile ya boksi nilimwomba avute zumu. Lenzi haikusogea.

Nikitoka pale nilipita kwa mtu wa bati, Barabara ya Kumi na Mbili. Alikata kipande cha kopo la rangi, akakisugua makali kwa tupa, skrubu akaitoa kwenye boksi la vyuma chakavu. Mlango umekaa kimya.

Leo baada ya alasiri nilimkalisha bibi mlangoni kama Nahodha alivyosema. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, nikamwomba aendelee tu. ISO 80, flashi imezimwa. Nilipiga kumi na nne. Saba zimetikisika, hilo ni la mkono wangu. Ile ya tisa ameinua macho, na mkono mmoja umebaki juu ya mchele. Mikunjo yote ipo. Lile kovu la nyuma ya kidole gumba alilolipata akikata mkonge, akiwa kijana, lipo. Nilimwonyesha kwenye kioo kidogo akashika kamera kwa mikono miwili, akakaa nayo. Halafu akasema, "Hii mikono ni yangu." Akaniagiza nimsafishie tatu, moja ya kwake, moja ya shangazi Lushoto, ya tatu hakusema ya nani.

Nahodha_Darajani

Mashaallah. Usizifute hata zile zilizotikisika, kuna siku utazitaka. Na kamera ikiwa haitumiki toa betri, iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu wa pwani hauna huruma.

Mzawa_Tegeta

Mwalimu, nimesoma bandiko lako nikiwa kwenye foleni Mwenge, nikalirudia mara ya pili. Bado naamini simu nzuri ingepiga vizuri zaidi usiku, na siku ya harusi utaliona hilo. Lakini hii umefanya vyema. Nina swali moja tu, na usinijibu kesho: hizo picha za leo sasa hivi zipo mahali pangapi?

Mama Shani (Muheza)

Zipo mahali patatu mkuu. Nilipofika nyumbani nilichomeka kadi kwenye rida, rida nikaiunganisha na simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganishia vifaa kwenye simu, nikazipeleka Google kwa bando la usiku. Kadi ya pili nimenakili zote, kesho asubuhi mdogo wangu anapita nayo Korogwe kwa dada. Ya kwanza imebaki humu kwenye kamera.

Na kabla jua halijazama nilikipiga kitambulisho cha baba. Nilikisimamisha kwenye kitabu cha Hisabati darasa la sita, pale dirishani, alama ya ua, sekunde kumi. Nukta za ile karatasi ya zamani zinaonekana, na ukosi wa shati lake la kazini ulivyokunjika upande mmoja, kitu ambacho kwa macho nilikuwa sijawahi kukiona. Kijana wa studio ameniambia anaweza kuuondoa muhuri kidevuni kwa kompyuta. Nimemwambia aisafishe hivyo hivyo.